Siku Nilipofuta Namba Kumi na Moja

Naomba nikiri mapema, maana nikianza kwa kujitetea sitafika popote: mimi ndiye niliyemfuta babu yangu kwenye orodha ya wakulima wa Mgeta, nikampa jirani namba yake, halafu nikasimama mbele ya watu wazima nikajisifu kwa kazi nzuri. Ni miaka michache imepita, lori lile limeshauzwa na ghala limeezekwa upya, lakini mpaka leo nikifungua ukurasa wowote kwenye simu nikakuta mambo yamepangwa moja, mbili, tatu, masikio yananiwaka moto na natazama kwanza kama kuna mtu nyuma yangu. (Hakuna. Huwa hakuna. Natazama tu.)

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo, nina cheti cha mambo ya kompyuta ndani ya bahasha ya kaki, naishi mjini, Mwembesongo, kwa mama mdogo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaza. Niliwaza kama barua ya maombi niliyoituma ilikuwa na maneno "kwa heshima" mengi mno. Niliwaza kama yule dada wa mapokezi alicheka kwa sababu nilimwamkia shikamoo na kumbe ni wa rika langu. Mama mdogo, ambaye ana genge la mboga pale mtaani, alikuwa akinitazama nimekaa na simu mkononi anasema, "Yusta, hicho kichwa chako ungekipa jembe kingeshamaliza heka mbili."

Basi siku moja akapiga simu Mama Selina, katibu wa kikundi cha wakulima kule juu Mgeta, kijijini kwa bibi yangu mzaa mama. Daftari lao la zamu lilikuwa limelowa mvua mara ya pili, kurasa zimeshikana kama chapati, na amesikia kwamba mimi ni mtu wa tovuti. Je, naweza kuwatengenezea ukurasa mmoja tu, wa orodha, ili kila mwenye simu aone zamu yake bila kushuka mpaka ghalani kuuliza? Nikasema naweza kabla hajamaliza kuuliza. Halafu nikakata simu nikaanza kuwaza kama nimejibu haraka mno nikaonekana sina kazi.

Hiyo zamu lazima niieleze kidogo. Kikundi kilikuwa na watu thelathini na wanane, kila mmoja na namba yake ya kudumu, na lori la mboga lilikuwa linapanda Jumanne na Ijumaa kuchukua mizigo ya kwenda Dar. Linabeba ya watu kama kumi na wawili, likijaa limejaa, na safari inayofuata inaanzia pale ilipoishia ile iliyopita. Kila mzigo, uwe tenga au gunia, hufungwa kibati kidogo kilichopakwa namba ya mwenyewe, ili huko sokoni wajue kabichi hii ni ya nani na karoti ile ni ya nani. Kwa hiyo namba kule si mahali pa kusimama tu. Namba ni ya mtu kama jina lake. Babu alikuwa kumi na moja tangu kikundi kinaanza. Nilipokuwa mdogo, likizo za shule nilizimalizia kule, na kuna asubuhi nyingi ninazozikumbuka ambazo ni mimi na yeye tu kwenye kibaraza, ukungu umefunika mpaka kwenye migomba, harufu ya njegere zinazochemka inatoka jikoni, naye amenipa brashi nipake vibati. Alikuwa ananiambia nimebahatika, wenzangu wenye mababu wa namba ishirini na nane wanahangaika na mikunjo, mimi ni vijiti viwili tu, kazi imekwisha, tukanywe uji.

Babu alifariki mwaka ule ule niliomaliza chuo. Bibi akaendelea kulima shamba (ambalo lilikuwa la ukoo wake Bibi tangu mwanzo, kwetu Waluguru ardhi hupita kwa mama, Babu alikuja kuoa akalikuta) na mizigo yake ikaendelea kwenda Dar kwa namba ile ile.

Sasa turudi kwenye kazi. Wanaotengeneza kurasa za tovuti wana njia mbili za kuandika orodha yenye namba. Ya kwanza ni ya kishamba (ndivyo tulivyoiita chuoni, Mungu atusamehe): unaandika namba kwa mkono, moja, nukta, jina, unashuka mstari. Ya pili ndiyo ya wenye elimu: unafungua orodha kwa alama ya ol, kila jina unalivika alama ya li, unafunga, basi. Namba huandiki hata moja. Kivinjari, ile programu inayofungua kurasa kwenye simu, kinahesabu chenyewe kutoka juu hadi chini, na ukipachika jina katikati kinahesabu upya bila kulalamika. Ukitaka kianzie tisa badala ya moja, unaongeza neno start na tisa yako pale kwenye ol, nacho kinaanzia tisa. Nilikuwa naipenda sana hiyo. Kwa mtu kama mimi, anayerudi mara tatu kuhakikisha amefunga mlango, ilikuwa raha kujua kwamba kuna kitu duniani kinahesabu na hakihitaji nikihakiki.

Mama Selina alinitumia picha za daftari, nikaanza kuandika majina. Nilipofika mstari wa kumi na moja nikakwama siku tatu. Jina la Babu lilikuwa limepigwa mstari mmoja wa wino, mwembamba, wa taratibu, kama wa mtu anayeogopa kumwamsha, na pembeni hapakuandikwa mtu mwingine. Sasa mimi niandike nini? Nikiacha jina lake, Mama Selina atalisoma kwa sauti ghalani, na Bibi atasikia mumewe anaitwa kwenye lori. Nikitanguliza neno "Marehemu"… nilijaribu, nikaandika "Mare", nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Nikiweka li tupu, isiyo na kitu ndani, ukurasa unaonyesha kumi na moja na nukta yake, halafu weupe, kama pengo la jino la mbele, na mtu anayeijua kazi hii akiliona atasema huyu binti kasahau. (Mtu gani? Nani anayeijua kazi hii angepanda Mgeta kukagua orodha ya wenye kabichi? Lakini niliwaza.) Kumpigia Mama Selina kumuuliza kungenichukua dakika moja. Niliwaza namna ya kumuuliza nisilie, nikawaza tena, na siku ya tatu nikaufuta mstari mzima.

Kivinjari nacho kikafanya kazi yake. Aliyekuwa kumi na mbili akawa kumi na moja, kumi na tatu akawa kumi na mbili, wakasogea wote kimyakimya mpaka wa mwisho. Nilishuka mpaka chini nikaona orodha inaishia thelathini na saba, nikahesabu kwenye vidole, nikasema sawa, waliobaki ni thelathini na saba. Nikaridhika kabisa. Chini yake nikaweka orodha ya pili, ya zamu ya Jumanne, inayoanzia tisa kwa kuwa Ijumaa lori lilikuwa limeishia nane, nikatuma ukurasa kwenye kundi lao la WhatsApp, na pongezi zikaanza kumiminika, vidole gumba na maua. Mama Selina mwenyewe aliufungua, akajiona namba tatu mahali pake, akaandika "Inapendeza." Sikulala vizuri kwa furaha, na pia kwa kuwaza kama "inapendeza" lilikuwa jibu la heshima tu.

Jumatatu nikapanda Mgeta ili kesho yake niuonyeshe ukurasa rasmi. Nilimkuta Bibi anachuma matunda damu. Ni matunda mazuri sana yale, mekundu mpaka ndani, lakini hayana subira: kabichi itakungoja mpaka Ijumaa ikikununia kidogo, tunda damu likifika Ijumaa ni uji. Alikuwa na matenga matatu yaliyojaa, kazi yake ya msimu mzima, na zamu yake ilikuwa Jumanne, kwa hiyo ni lori la kesho au hapana. Alasiri akafunga vibati, kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja, mimi nimemshikia kamba. Nilivisoma kwa macho yangu haya. Na nikamwuliza, Mungu wangu, nikamwuliza kama kesho nivae gauni la bluu au lile la maua.

Asubuhi ghalani palikuwa pamejaa. Lori limegeuzwa tayari, dereva ameegemea tairi anakunywa chai, matenga na magunia yamepangwa hadi barabarani. Mwenyekiti, Mzee Kobelo, akaniita mbele.

"Haya, mwanetu wa mjini, hebu tueleze hiki kitu."

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba!"

Nikainua simu juu (ili iweje, sijui, hakuna aliyeweza kuona kitu kwa umbali ule). Nikasema, "Hizi namba siandiki mimi. Zinajihesabu zenyewe. Mtu akiingia au akitoka katikati, wote walio chini yake wanasogea."

"Wanasogea kwenda wapi?" akauliza Mama Anjela, namba kumi, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo.

"Wanasogea juu, mama."

"Bila kuulizwa?"

"Bila kuulizwa," nikasema kwa fahari.

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikidhani tunacheka kitu kimoja.

Mama Selina akavaa miwani, akaanza kusoma kwenye simu yake. "Tisa, Mzee Karoli." Mzee Karoli akaitika, mizigo yake ikapanda. "Kumi, Mama Anjela." Ikapanda. "Kumi na moja, Fideli."

Bwana Fideli ni jirani yake Bibi, shamba kwa shamba, mtu mpole sana. Akainuka na gunia lake la karoti, kibati kinang'aa kwa rangi mbichi, vijiti viwili vimenyooka. Upande wa pili Bibi naye alikuwa ameshasimama, amesogeza tenga lake la kwanza kwa mguu, vijiti viwili vya Babu vimefifia kidogo. Wakatazamana. Halafu wote wawili wakatazama vibati.

"Selina, mwanangu," Bibi akasema, taratibu, "mmetutoa?"

"Bibi, mimi nasoma kilichomo humu."

"Mama, nisamehe," Fideli akasema, na uso wake ulikuwa umeshabadilika rangi, "mimi nilijiona kwenye simu nimekuwa kumi na moja, nikadhani ukoo wenu umeshakaa mkaiachia namba. Mpaka rangi nimenunua nikapaka upya!"

"Ukoo haujakaa," Bibi akasema. "Anayesema umekaa ni nani?"

Sikuhitaji kuonyeshwa kidole. Uwanja mzima uligeuka kwangu kama alizeti. Bibi akanitazama kuanzia viatu. Inabidi mjue kwamba kwa utani wa bibi na mjukuu yeye huniita mke mwenza tangu nazaliwa, na Babu alikuwa mume wetu, tumemgombania miaka ishirini na kitu. Sasa akaniambia, bila kutabasamu:

"Mke mwenzangu. Umemfuta mume wetu?"

Wawili watatu walianza kucheka, wakaona hakuna anayewafuata, wakaacha.

Na hapo ndipo tulipogundua kwamba si Fideli peke yake. Walioona ukurasa kwenye simu zao walikuwa wamepaka vibati upya, wasio na simu hawakupaka, kwa hiyo kwenye mizigo ya siku ile kumi na nne walikuwa wawili, kumi na tatu hakuwepo kabisa, na mzee mmoja alikuwa amefunga vibati viwili kwenye kila gunia, cha zamani na kipya, "ili nisikose pande zote." Ikawa kelele. Huyu anashusha cha mwenzake, yule anapandisha chake, dereva akamwaga chai yake, akapanda kwenye usukani akasema, "Jamani, mimi simo kwenye ugomvi wenu, lakini wingu lile likishuka, kona ya chini itakuwa sabuni. Nawapa nusu saa."

Nikasema nitarekebisha. Tatizo ni kwamba ghalani mtandao haushiki. Unashika juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya ghala, ambalo watoto hupanda kwa dakika moja na mimi, kwa gauni la bluu na viatu vya kufunga kamba za mguuni, nililipanda kwa magoti mbele ya kijiji kizima. Nikafika, nikafungua ukurasa kwa upande wa nyuma, ule wa alama, na badala ya kutulia nikawaza. Nikawaza kwamba kosa limeanzia juu likatiririka chini, basi nikiigeuza hesabu litarudi lilikotoka. Kuna neno moja, reversed, ukilitia kwenye ol hesabu inarudi kinyumenyume. Nikalitia. Nikapaza sauti, "Fungueni tena!"

Mama Selina akapanda nusu ya jiwe ili apate mtandao, akafungua, akashuka, akasoma. "Tisa, Mzee Karoli. Nane, Mama Anjela. Saba, Fideli. Sita…"

"Tunarudi nyuma!" akapiga kelele Mama Anjela.

"…mbili, Batazari. Moja, Mama Rosi. Sifuri…"

"Nani sifuri?"

"Sifuri ni Mzee Tadei."

Mzee Tadei, mtu mzima mwenye wajukuu wengi, akavua kofia polepole. "Nimelima miaka yote hii," akasema, "kuja kuwa sifuri?"

"Shukuru Mungu," Mama Anjela akamjibu, ameshachungulia ile simu, "anayekufuata wewe yuko chini ya sifuri, naona atapakiwa chini ya lori."

Dereva alicheka mpaka akalalia usukani na honi ikalia. Kule juu ya jiwe nilikuwa najiuliza kama mtu anaweza kuhama mkoa kwa mguu.

Nikatoa lile neno la kugeuza. Nikavuta pumzi. Kuna njia nyingine: mstari mmoja unaweza kuuamrisha namba yake, unauandikia value na namba unayotaka, na walio chini yake wanaendelea kutoka hapo. Nikamwamrisha Fideli awe kumi na mbili. "Fungueni tena!"

"Tisa, Mzee Karoli. Kumi, Mama Anjela. Kumi na mbili, Fideli. Kumi na tatu…" Watu wakaanza kuitikia, kila mtu amerudi kwenye namba yake, Fideli akashusha pumzi ya mtu aliyetolewa mwiba, na mimi nikaanza kutabasamu kule juu.

"Selina," Mzee Kobelo akakatisha, "umeruka."

"Sijaruka, Mwenyekiti. Haimo."

Mzee Kobelo akainua uso kunitazama. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Mjukuu wangu, mwanzo uliitoa ukampa mtu. Sasa unairuka waziwazi."

Nikamwona Bibi anarudi kwenye matenga yake, anainama, anafungua vibati. Kimoja, cha pili, cha tatu. Akavitia kwenye pindo la khanga, akakaa juu ya jiwe dogo, amelipa lori mgongo. Wingu lilikuwa limeshafika kwenye miti ya juu. Mimi kwa mara ya kwanza tangu nianze ile kazi sikuwaza kitu. Nikatoa ile amri ya kumi na mbili, nikaingia katikati ya Mama Anjela na Fideli, nikafungua li, nikafunga li, ndani yake sikuandika herufi hata moja. Basi. Ndiyo kazi fupi kuliko zote nilizowahi kufanya. Kivinjari kikakihesabu kile kitupu kama kinavyohesabu watu, na kila aliye chini yake akarudi mahali pake mwenyewe bila kuamrishwa.

Mama Selina akasoma tena. "Tisa, Mzee Karoli. Kumi, Mama Anjela. Kumi na moja." Hakukuwa na jina, akaacha pale palipo wazi papite, kama alivyokuwa akifanya na daftari miezi yote ile ambayo mimi sikuwepo kumsikia. Halafu akainua macho kuyatazama yale matenga matatu.

Hakuna aliyesogea. Bibi hakugeuka. Nikaona wametuchukia, nikaona wananisubiri mimi niliyeharibu nitengeneze, nikashuka jiwe lile kwa makalio, gauni likachanika pembeni, kiatu kimoja kikabaki topeni, nikalikimbilia tenga la kwanza. Nani aliniambia tenga la matunda damu ni jepesi? Nililikumbatia, nikalipandisha kwenye goti, kutoka gotini kifuani, nikalisukumia kwenye bodi ya lori kwa kichwa, kwa kichwa kweli, na juisi ikanitiririka shingoni.

Nikageuka. Bwana Fideli alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, amekunja mikono ya shati, ameduwaa.

Kisha Mama Anjela akapiga kigelegele.

"Yusta," Mzee Kobelo akasema, "unajua ulichokifanya?"

"Nimepakia, babu."

"Umepakia nini?"

"Matunda damu."

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena popote. Mama Selina alilazimika kuvua miwani. Nikaelezwa, na walionieleza walikuwa wanne kwa mpigo: namba ya marehemu ikiitwa hupakia jirani, ndiyo maana Fideli alikuwa amekunja mikono, na nyumba ya marehemu hukaa pembeni hainyanyui mzigo mpaka ukoo ukae umtaje mrithi. Siku akishatajwa ndipo hunyanyua mzigo kwa mikono yake mbele ya wenzake, na akishaunyanyua ndiyo imetoka hiyo, namba ni yake. Wengine hupikiwa pombe siku hiyo. Wengine husindikizwa na wajomba. Mimi nilikuwa nimejitwalia namba ya Babu mbele ya kikundi kizima, peke yangu, kwa gauni lililochanika na kiatu kimoja, siku chache baada ya kumfuta.

Nikafungua mdomo kusema nimekosea. Ndivyo nilivyo, hilo ndilo neno lililo karibu zaidi na ulimi wangu. Nilitaka kusema mimi ni mtu wa mjini, sijui hata karoti hupandwa mwezi gani, nishusheni lile tenga tuanze upya. Lakini Bibi alikuwa amegeuka. Alilitazama tenga lililo juu ya lori, akanitazama shingo inayodondoka juisi, akautazama mguu wangu mtupu.

"Na hayo mawili," akasema, "atayapakia nani?"

Akainuka, akafungua pindo la khanga, akampa dereva kibati kimoja akifunge kwenye tenga lililokwisha kupanda, akaanza kufunga viwili kwenye matenga yaliyobaki. Nikayapakia. La tatu Fideli alinisaidia, akasema sheria haikatazi jirani kushika upande mmoja. Mama Selina akachukua daftari lake lililolowa, akaandika jina langu pale pembeni ya ule mstari mwembamba wa wino, akapuliza wino ukauke, akaniambia, "Na humo kwenye simu ujiandike mwenyewe."

Kwa hiyo nikapanda jiwe tena. Nikaifungua ile li tupu, na hapo nikakwama, niandike Yusta au Yustina? Yustina ndilo la cheti, lakini kule hakuna anayeniita hivyo. Yusta linaonekana la utotoni. Na je, niongeze jina la ukoo? Dereva akapiga honi. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka kwenye kioo cha simu.

"Mke mwenzangu!" Bibi akapaza sauti kutoka chini. "Hilo jina unalitunga?"

Nikaandika Yusta.

Lori liliondoka kabla kona haijalowa, na matunda damu yalifika. Ukoo ulikaa baadaye, na mjomba wangu mmoja alilalamika sana kwamba namba ya mzee imekwenda kwa mtoto wa kompyuta, bila kikao, bila pombe, bila hata kumwarifu mtu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamjibu, "Kashapakia. Unataka nikaishushe mizigo Dar?" Wakala wali, wakatawanyika.

Sasa nina kazi mjini, kazi ya kurasa hizo hizo, na zamu inaponifikia naomba ruhusa napanda Mgeta. Bibi hashuki tena ghalani, magoti yamekataa. Hukaa kwenye kibaraza akasikiliza lori linavyonguruma akataja kwa sauti zamu imefika kwa nani. Mama Anjela hajaacha kuniuliza kama leo nimekuja na viatu vyote viwili. Aibu ya siku ile haijaisha, lakini imekaa ndani yangu muda mrefu mpaka nimeizoea kama jirani, na kuna siku nikiwa mezani mjini naikumbuka asubuhi ile, ukungu, kelele, wote wakiwa wazima, natamani ingerudi.

Sikuapa kutokosea, kwa kichwa hiki nitakuwa najidanganya. Nimeapa jambo moja dogo: mstari wa mtu, hata ukiwa mtupu, siugusi mpaka niwe nimeuliza wenyewe wanauitaje. Mengine Mungu atanisaidia. Jumanne ijayo zamu inaanzia nane, kwa hiyo nitafikiwa, na tangu asubuhi nawaza kama karoti zangu si fupi mno.